Toka foni mpaka intaneti: namna tulivyosikilizana na watu wetu tangu 1996



Katika mkutano mkuu uliopita, mwanamemba mmoja alisimama akauliza swali lililotuacha kimya kidogo. Alisema: «Chama chetu ni cha watu waliorudi. Tuko na lazima ya mbegu, mabati na dawa. Sasa kwa nini kila mwezi tunalipa intaneti ya ofisi? Intaneti inaliwa?» Watu walicheka, lakini swali lile si la kucheka. Mfadhili mmoja naye alituuliza jambo lilelile kwa barua, kwa maneno ya adabu zaidi. Tuliahidi kujibu kwa maandishi kabla ya mkutano ujao, pale tutakapopiga kura: tuendelee kulipa ama tufunge.

Hesabu iko kwa mtunza hazina, na kila mwanamemba ana haki ya kuiona. Hapa hatuandiki hesabu, tunaandika historia. Tuliona kwamba vijana wetu wengi waliozaliwa kambini hawajui namna tulivyokuwa tunatafutana, na sisi wakubwa tumeanza kusahau. Mtu akisahau kiu ya jana, hataelewa kwa nini kisima kinalindwa leo.

Karatasi ya Msalaba Mwekundu

Mwaka 1996, vita ilipoanza upande wa Uvira na kushuka mpaka Fizi, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mitumbwi na boti za wavuvi, tukafikia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na Lugufu ikafuata mwaka 1997. Lakini si wote waliovuka. Wengine walipanda milimani. Wengine walirudi nyuma kutafuta mtoto aliyebaki, na walipofika tena ufukoni wakakuta boti zimekwisha kuondoka. Familia moja ilikuwa vipande vitatu, na hakuna kipande kilichojua kama kingine kiko hai.

Simu? Kwenye vijiji vyetu waya wa simu haukuwahi kufika. Kweli, Zaire ilikuwa kati ya nchi za kwanza za Afrika kuwa na simu ya mkono: kampuni ya Telecel, ya mfanyabiashara Miko Rwayitare, ilianza Kinshasa miaka ya 1980. Lakini mashine moja iliuzwa kwa maelfu ya dola. Ilikuwa simu ya mawaziri na ya wafanyabiashara wakubwa. Muvuvi wa Ubwari aliisikia kwa hadithi tu.

Kwa hiyo tulianza na karatasi. Msalaba Mwekundu walitupatia fomu ya kuandikia habari za familia. Ilikuwa wazi, bila bahasha, na ilisomwa njiani, kwa sababu ilipaswa kuwa na habari za jamaa peke yake: nani iko hai, nani amezaa, nani amefariki, tuko wapi. Neno la siasa ama la vita halikuruhusiwa. Wale waliojua kuandika waliwaandikia wasiojua. Karatasi ile ilipita ofisi hata ofisi, ilivuka ziwa, ilitembea kwa miguu, na jibu likirudi, lilirudi baada ya majuma ama miezi. Kuna mzee wetu mmoja ambaye bado anaitunza fomu yake ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya shamba. Kwake zote mbili ni ushuhuda wa mali.

Karatasi ilikuwa na wema wake: haikupotea hewani. Lakini haikuwa na sauti. Na mama akikosa sauti ya mtoto wake, hata maandishi anaweza kuyaonea mashaka, anajiuliza: ni yeye kweli aliyeandika, ama kuna mtu amenidanganya ili nitulie?

Foni: kila mtu anasikia

Kisha tulijua foni. Vijana, foni si telefoni. Ni ile redio ya kuitana, yenye antena ya waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, na batri ya gari chini ya meza. Mapadri na wachungaji walikuwa nayo, na mashirika ya misaada, na wafanyabiashara waliotuma mizigo kati ya Uvira, Bukavu na Kalemie. Kulikuwa na saa za kuitana, mara nyingi asubuhi, na mwenye foni alitoza kitu kidogo, ama kuku, ama shukrani.

Kwa foni mtu mmoja tu anasema kwa wakati mmoja. Ukishika kidude, mwenzako hawezi kukukata. Ukimaliza unasema «ova», unaachia, ndipo yeye aanze. Mtu aliyezoea kulia akiongea, mashine ilimfundisha kulia kwa zamu. Tena foni haikuwa na siri. Kila aliye kwenye masafa yale alisikia, toka mlima hata mlima. Habari ya mahari, ya ugonjwa wa aibu, ya deni, yote yalipita mbele ya watu. Wazee wetu walijaribu kujificha ndani ya Kibembe cha ndani kabisa, chenye mafumbo. Kumbe mara nyingi na yule msikilizaji wa pembeni alikuwa Mubembe!

Pamoja na hayo, foni ndiyo iliyoturudishia sauti mara ya kwanza. Mwanamemba mmoja anakumbuka kwamba siku alipomsikia mkubwa wake kwa foni, hakusikia hata neno moja lenye maana, juu ya makelele ya mvua hewani. Alisikia tu namna anavyokohoa kabla ya kusema. Ilitosha. Alirudi nyumbani akawaambia watu: «Iko hai.»

Simu ya mkono, unite na vocha

Miaka ya 2000 ilibadili mambo. Celtel ilianza Congo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002. Celtel ikaitwa Zain, na baadaye Airtel, lakini wamama wengi sokoni waliendelea kuiita Celtel miaka mingi. Rezo ilifika mijini kwanza, kisha barabarani, kisha polepole vijijini. Watu wa Uvira walikuwa na bahati ya mpaka: walishika rezo ya Burundi toka ng'ambo ya ziwa, na wengi walitembea na kadi mbili mfukoni.

Ule ndio wakati wa mti wa rezo. Kila kijiji kilikuwa na mahali pake: chini ya muembe fulani, juu ya jiwe fulani, nyuma ya shule. Ulikuwa unakuta watu wamepanga mstari kama kwenye bomba la maji, kila mmoja ameinua mkono. Na kwa kuwa dakika ilikuwa ghali, tulijifunza kubipu. Bipu moja: nimefika. Bipu mbili: niite. Bipu tatu usiku: kuna msiba. Hatukuisoma lugha hiyo shuleni, na haikulipiwa hata franka moja.

Tuliorudi toka Tanzania tulikuja pia na maneno yetu. Sisi tunasema «vocha», ndugu waliobaki wanasema «unite». Sisi tunasema «laini», wao wanasema «kadi». Kwa miezi ya kwanza muuza duka aliweza kututambua kabla hatujamaliza kuomba.

Kurudi, na kuachana tena

Oktoba 2005, HCR ilianza kuwarudisha Wakongomani wa Kivu ya Kusini kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Wengi tunaosoma gazeti hili tulipita gati ile, na mabati, na ndoo, na watoto ambao hawakuwahi kuiona nchi yao. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tulidhani kurudi ni mwisho wa kuachana. Haikuwa hivyo.

Wengine walibaki Nyarugusu na wako huko mpaka leo. Wengine walikubaliwa kwenda mbali zaidi. Toka mwaka 2012, HCR na nchi zinazopokea wakimbizi walikuwa na mpango wa kuwahamisha Wakongomani wapatao 50,000 toka nchi za jirani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani peke yake ilipokea Wakongomani zaidi ya 16,000, na hakuna taifa lingine lililowapita mwaka ule. Tukajikuta tena vipande vitatu, ila sasa vipande vyenyewe ni kijiji, kambi na Marekani. Mama iko Baraka, binti iko Nyarugusu, kijana iko Kentucky ama Texas ama Arizona, anafanya kazi usiku kwenye machinjio ya kuku ama kwenye bohari kubwa.

Hapo ndipo historia ya intaneti inaingia kwetu. Wafadhili wengine wanadhani kwetu intaneti ililetwa na vijana wanaotaka picha na muziki. Kwetu ililetwa na kuachana.

Sauti inayokatwa vipande

Tueleze kidogo namna inavyofanya kazi, kwa sababu kura ya mkutano itategemea jambo hili.

Katika simu ya zamani, ukiita mtu, njia nzima toka kwako mpaka kwake inafungwa kwa ajili yenu wawili. Hata mkikaa kimya, njia ni yenu, na mnailipia. Simu ya intaneti haifungi njia. Mashine inachukua sauti yako na kuigeuza kuwa hesabu, inaikata vipande vidogo, kwa kawaida vipande 50 kwa kila sekunde, na kila kipande kinatiwa ndani ya bahasha yenye anwani. Bahasha zinatembea pamoja na barua, picha na mambo mengine yote ya intaneti, na upande wa pili mashine inaziunganisha tena. Bahasha chache zikipotea, sikio halijui. Zikipotea nyingi, mnasikia ile sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Wa kwanza kuuza programu ya namna hii kwa watu wa kawaida walikuwa kampuni ya VocalTec ya Israeli, mwaka 1995. Agosti 2003 ikaja Skype, iliyoanzishwa na Msweden Niklas Zennström na Mdenmark Janus Friis, na kuandikwa na mafundi wa Estonia. Miaka ileile, Marekani, kampuni kama Vonage zikaanza kuuza kisanduku kidogo: upande mmoja unachomeka waya wa intaneti ya nyumbani, upande mwingine unachomeka simu ya kawaida ya mezani. Unalipa bei moja kwa mwezi, unaongea kadiri unavyotaka.

Ndugu zetu waliofika Marekani walianza na zile kadi za kuita za kukwangua zilizouzwa madukani, zenye dakika nyingi kwenye tangazo na chache kwenye masikio. Kisha wengi wakanunua kisanduku. Walifurahi sana. Aliye Kentucky aliongea na aliye Arizona toka jioni mpaka usingizi, bila kuhesabu. Lakini walipoita huku kwetu, pesa iliendelea kuliwa. Wakatuuliza: «Namna gani? Kisanduku ni kilekile, intaneti ni ileile!»

Sababu ni hii, na tunaomba kila mwanamemba aishike. Bei ya simu haitoki tu kule inakoanza. Inatoka pia pale inapoishia. Mtu wa Marekani akiita namba ya simu ya mkono ya Congo, sauti yake inasafiri kwa intaneti bahari nzima kwa bei karibu na bure, lakini kipande cha mwisho kinaingia kwenye rezo ya kampuni ya simu ya hapa, na kampuni ile inatoza mlango. Mlango wa Congo uko ghali. Kwa miaka mingi simu za toka inje zilikuwa chanzo kikubwa cha dola kwa makampuni na kwa serikali za Afrika, ndiyo maana nchi nyingi mwanzoni zilikataza simu ya intaneti ama ziliibana kwa vibali.

Basi, simu ya intaneti inakuwa rahisi kweli pale tu ambapo pande zote mbili ziko kwenye intaneti. Kisanduku cha Kentucky peke yake hakikutosha. Kulihitajika kitu upande wetu pia. Wanaouliza kwa nini ofisi ya Baraka iko na intaneti, jibu la kwanza ni hilo.

Setilaiti na nyaya za baharini

Mwanzoni upande wetu ulikuwa na sahani tu. Nyumba ya intaneti mjini ilikuwa na sahani kubwa juu ya paa, jenereta nyuma, na kompyuta chache zenye vumbi. Setilaiti za namna ile zinakaa kilomita karibu 36,000 juu ya dunia. Sauti inapanda mpaka kule, inashuka upande wa pili, na safari hiyo inakula robo ya sekunde. Jibu linakula robo nyingine. Nusu ya sekunde inaonekana kidogo, lakini ndani ya maongezi ni kitu kikubwa. Unauliza, kuna kimya, unadhani hakusikia, unauliza tena, na jibu lake linagongana na swali lako la pili. «Sema wewe.» «Hapana, sema wewe kwanza.» Wazee wetu waliokuwa wamejua foni ndio waliofaulu kuliko vijana. Waliongea kwa zamu, wakamalizia na «ova», na watoto wakawacheka.

Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Upande wa magharibi, waya wa WACS ulitua Muanda, na Congo ikaanza kuutumia mwaka 2013. Waya wa baharini haukuingia Fizi, hapana. Lakini makampuni ya simu yalipopata njia kubwa ya kutokea, waliweza kuuza intaneti kwa bei ndogo zaidi kuliko ya setilaiti, na simu za kugusa za bei rahisi zilipojaa sokoni, mambo yalikutana.

Mtu aliyejua uchungu wa kuita nyumbani

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Brian Acton na Jan Koum. Huyu wa pili tunapenda kumtaja, juu ya historia yake. Alizaliwa Ukraine, akahamia Marekani na mama yake akiwa na miaka 16, na wakati fulani familia yao iliishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Anajua mwenyewe ugumu wa kusikilizana na jamaa waliobaki. Mwaka 2015 programu ile ilianza kuita kwa sauti, na mwishoni mwa 2016 kwa picha.

Kwetu mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko simu ya mkono yenyewe. Dakika moja ya sauti inakula karibu megabaiti moja, mara nyingi pungufu. Kwa pesa ambayo zamani ilitupatia dakika chache za kulia, sasa mama anaongea mpaka anakosa la kusema, kisha wanakaa tu, yeye anachambua maharagi huku, kijana anapika kule, simu iko wazi katikati yao. Hili hatukulijua katika foni wala katika unite: kukaa pamoja bila kusema kitu.

Ndoa zimepatanishwa kwa namna hiyo. Mahari imejadiliwa na wajomba walio katika nchi tatu. Wagonjwa wameombewa. Vikundi vya familia vimechanga pesa ya ada za shule na ya majeneza. Na watu waliotafutana toka 1996 wamepatikana. Mwaka jana, ndani ya ofisi yetu, mama mmoja wa Ubwari alimwona kwa picha mdogo wake aliyemwacha ufukoni akiwa mtoto. Hakumtambua usoni. Alimwomba aoneshe kovu la moto kwenye mkono.

Yale yanayotuumiza

Hatutaki kuandika sifa tupu. Wafadhili wametuomba ukweli, na wanamemba wanaujua.

Simu rahisi imeleta maombi rahisi. Ndugu aliye inje anaamka anakuta maombi ya pesa toka kwa watu kumi, wengine hawajui. Wengine wamezima simu zao kwa kuchoka, na huku tunasema «amepotea, amekuwa Mzungu». Tuseme kweli: tumechangia kuwapoteza.

Wezi nao wamejifunza. Wanachukua picha ya mtu, wanaandika toka namba mpya: «Ni mimi, simu yangu imeibiwa, nitumie haraka.» Wanamemba wetu kadhaa wamelipa. Zamani kwa foni mwizi angetambuliwa kwa kikohozi tu. Maandishi hayakohoi.

Tena si kila mtu amefikiwa. Wazee wasiojua kusoma, wamama wasio na simu yao wenyewe, vijiji vya milimani ambako rezo ni ya kutafuta, wote hao wanategemea simu ya mtu mwingine, na mwenye simu anajua habari kabla ya mwenye habari.

Siku zile karibu ishirini

Lakini jeraha kubwa ni jingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa amri, ikabaki imekatwa karibu siku 20. Haikuwa mara ya kwanza: mwishoni mwa 2011 ujumbe mfupi wa maandishi ulifungwa, na Januari 2015 intaneti ilifungwa pia. Walio karibu na mpaka walijaribu kujisaidia na kadi za nchi jirani. Sisi wengine tulikaa gizani.

Katika siku zile, mama wa mwanamemba wetu alifariki Nyarugusu. Waliokuwa kambini wakaandika kwenye kikundi cha familia, kama kawaida. Kijana wa Marekani akajibu, akachanga. Huku Baraka, simu ya binti ilikuwa kimya. Wakajaribu kumwita kwa simu ya kawaida, kwa sababu simu za kawaida hazikukatwa, lakini namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Alikuwa amebadili kadi miaka miwili nyuma, na WhatsApp yake ilibaki na namba ya kwanza, kama inavyowezekana. Hakuna aliyeona haja ya kuandika ile mpya. Intaneti iliporudi, ujumbe wote uliingia kwa mara moja, mamia, na binti akasoma kwanza pole za watu kabla ya kujua wanampa pole ya nini. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1997 jambo kama hilo lilimpata baba mmoja kati yetu: karatasi ya Msalaba Mwekundu ilimfikia baada ya maziko ya mtoto wake. Tulikuwa tukisema, hayo ni mambo ya zamani. Sivyo. Yalirudi, na safari hii kosa moja ni letu. Tulipopata njia mpya tuliacha nyasi zimee kwenye njia zote za zamani. Hatukuandika namba. Hatukuweka mtu wa kupeleka habari. Tulidhani waya hauwezi kukatika.

Tunayopendekeza kwa mkutano

Kwa hiyo, ndugu zetu, kamati inaleta mambo manne kwenye kura.

La kwanza: tuendelee kulipa intaneti ya ofisi, lakini kwa kazi yake. Asubuhi iwe ya wazee, ya wamama wasio na simu, na ya wale ambao bado wanatafuta jamaa. Vijana wenye simu zao wasubiri mchana. Tena kuwe na chumba chenye mlango wa kufunga. Foni ilitunyima siri, tusiwanyime sisi wenyewe.

La pili: tuanzishe daftari la namba, la karatasi. Kila familia iandike namba za kawaida za jamaa zake wa kijijini, wa kambini na wa inje, na jirani mmoja wa kila upande. Daftari lipitiwe kila miezi sita. Likae ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa sababu namba za watu ni dhamana.

La tatu: kila familia ipange njia ya pili. Intaneti ikikatwa, tunaita kwa simu ya kawaida. Simu ikikatwa, tunatuma mtu kwa boti ama kwa pikipiki. Msiba usisubiri kikundi.

La nne: kila familia iwe na swali la siri, ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Jina la mbuzi wa babu, ama nani aliangukia kisimani. Mtu akiomba pesa kwa maandishi, muulize. Ama muite, umsikie akikohoa.

Kwa wafadhili tunasema: tunajua kwamba mfuko wa mbegu unaonekana kwenye picha, na sauti haionekani. Lakini mbegu nyingi zilizopandwa huku msimu uliopita zilinunuliwa kwa pesa iliyoombwa, ikajadiliwa na ikatumwa baada ya maongezi kama haya. Familia ambayo inasikilizana inajisaidia yenyewe kabla ya kuja mlangoni mwenu.

Na kwa yule mwanamemba aliyeuliza kama intaneti inaliwa: hapana, ndugu yetu, hailiwi. Wewe mwenyewe ulikuwa kwenye mstari ule wa fomu kule Lugufu, na tunakumbuka ulirudi mara ngapi kuuliza kama jibu limefika. Njoo mkutanoni upige kura kwa kukumbuka siku zile, kisha uamue. Kura yako tutaiheshimu, hata ikiwa ya kufunga.

Tunawatakia amani.

Kamati ya chama